Maswali ya Wasomaji: Ofisi Kubwa ya Dar es Salaam au Kampuni Ndogo ya Tanga, Kabla ya Kuomba MBA?

SWALI

Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Chumbageni hapa Tanga. Nina shahada ya kwanza ya uhasibu, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa mkaguzi wa hesabu katika kampuni ya wastani iliyoko Dar es Salaam. Katika mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) nimebakiza ngazi ya mwisho. Nia yangu ni kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, katika shule ya biashara ya nje, ikiwezekana Marekani au Ulaya, kisha niingie katika kampuni ya ushauri wa mikakati yenye ofisi Nairobi au Johannesburg.

Nia hii niliipata kazini. Tulitumwa kukagua mali ghalani katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu marobota kwa madaraja, 3L kando na UG kando, nikiyalinganisha na daftari. Hesabu zilikubaliana. Lakini kila nilipotoka nje niliiona korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, imesimama na wafanyakazi wameketi kivulini, kwa sababu magari ya kuleta majani yalikuwa hayajafika, na majani yenyewe yalikatwa tangu juzi yake. Nilimuuliza kiongozi wa timu yetu kama jambo hilo tuliandike, akanijibu kwamba halimo katika kazi tuliyotumwa. Tangu hapo nimetamani kazi ambayo jambo kama lile ndilo kazi yenyewe.

Sasa nina barua mbili za ajira. Ya kwanza ni ya kitengo cha ushauri cha kampuni kubwa ya kimataifa ya uhasibu, Dar es Salaam, ambako nitakuwa katika timu inayofunga mifumo ya kompyuta ya fedha kwenye mashirika ya umma. Mshahara ni mzuri na ngazi za vyeo zinajulikana. Ya pili ni ya kampuni ya ushauri elekezi ya hapa Tanga, yenye wafanyakazi wasiozidi kumi na watano, inayoshughulika na mashamba ya mkonge, vyama vya ushirika vya wafugaji na wafanyabiashara wa bandarini. Mshahara wake ni pungufu kwa karibu theluthi moja, mkataba ni wa miaka miwili, na nitafanya kazi chini ya mkurugenzi mwenyewe. Kaka yangu anasema jina kubwa ndilo linalofungua milango. Mjomba anasema niachane na yote hayo, nisome MBA ya jioni hapa nchini, niendelee na maisha. Naomba mwongozo wako.

Mkaguzi, Chumbageni, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama mahali pale pale, kwenye korona iliyosimama huku majani yakikauka. Nitaanza hapo, kwa kuwa uamuzi wako unalitegemea jambo hilo kuliko unavyodhani. Mkaguzi huulizwa kama hesabu zilizoandikwa ni za kweli; mshauri huulizwa kwa nini hesabu hizo zimekuwa ndogo na nini kifanyike zikue. Katika jani la mkonge singa, yaani nyuzi, ni asilimia 4 hivi tu ya uzito, kwa hiyo shamba hubeba mzigo mkubwa mno ili kupata kitu kidogo, na kila saa ambayo korona inangoja gari, mishahara inalipwa na majani yanaharibika bila robota hata moja kuongezeka. Wewe uliliona hilo bila kutumwa. Kwa hiyo swali langu kwa barua zako zote mbili ni moja: ni ajira ipi itakayokupa nafasi ya kuliona tatizo, kupendekeza dawa yake, na kubaki karibu hadi ijulikane kama dawa imefanya kazi?

Neno ushauri limekusanya kazi ambazo hazifanani. Kampuni tatu zinazotajwa zaidi na vijana wenye ndoto kama yako ni McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, Boston Consulting Group ya mwaka 1963 na Bain ya mwaka 1973. Hizo zilijijengea heshima kwa ushauri wa mikakati, yaani timu ya watu wachache inayokaa na mteja kwa wiki au miezi kadhaa ikitafuta jibu la swali moja zito: tuingie katika soko hili au tuliache, kiwanda hiki tukipanue au tukifunge. Kampuni nne kubwa za uhasibu, Deloitte, PwC, EY na KPMG, ambazo zote zina ofisi Dar es Salaam, zina vitengo vya ushauri vinavyoshughulika na mifumo ya kompyuta, udhibiti wa vihatarishi, kodi, na uchunguzi wa hesabu za kampuni inayotaka kununuliwa. Kisha kuna ushauri wa maendeleo, ambao kazi zake hutangazwa kwa zabuni na hadidu za rejea, mlipaji mara nyingi ni mfadhili, na kinachokabidhiwa mwishoni ni ripoti. Mtu aliyelelewa miaka miwili katika njia mojawapo hutoka na tabia za kazi tofauti na mwenzake, na msomaji wa maombi katika shule ya biashara huiona tofauti hiyo katika insha hata mwombaji asipoitaja.

Nimtendee haki kaka yako kwanza. Jina kubwa lina faida ya kweli. Anayesoma faili lako Boston au London hajui Tanga ilipo, lakini anajua kwamba kampuni fulani huajiri kwa ushindani na hufundisha watu wake, na hilo humpa sababu ya kukuamini kabla hujasema neno. Pia utapata nidhamu ya kuandika nyaraka, wenzako wa rika moja wenye malengo kama yako, na waliotangulia shule hizo ambao unaweza kuwapigia simu. Mimi simdharau anayechagua njia hiyo. Shaka yangu ni juu ya kiti mahususi ulichopewa humo ndani. Kufunga mfumo wa fedha katika shirika la umma ni kazi ya maana sana kwa nchi, ila kijana wa ngazi yako kwa kawaida hupewa kuhamisha kumbukumbu kutoka mfumo wa zamani, kujaribu kama mfumo mpya unafanya kazi, na kuwafundisha watumiaji. Uamuzi wa shirika lifanye nini ulishafikiwa kabla hujafika. Unaweza kukaa humo miaka miwili, ukafanya kazi kwa bidii mpaka usiku, na bado ukaulizwa katika usaili, "Ni uamuzi gani ulioubadilisha wewe?" ukakosa la kusema.

Kwa hiyo, kabla hujaikataa ofisi ile, waombe kitu kimoja. Waulize kama nafasi yako inaweza kuhamishiwa kwenye timu ya ushauri wa miamala, wanaochunguza kampuni zinazouzwa na kununuliwa. Mkaguzi wa miaka mitatu anayekaribia kumaliza mitihani ya NBAA anafaa huko kuliko kwenye mifumo ya kompyuta, na kazi hiyo ina maswali ya thamani na hatari ambayo kampuni za mikakati huyaheshimu. Wakikubali, mizani inabadilika, na nitakayosema chini kuhusu Tanga uyapime upya. Soma pia mkataba wao kwa makini uone kama kuna kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo ukiondoka mapema. Wanaofunga mifumo hulipiwa vyeti vya gharama kubwa, na kifungu kama hicho kinaweza kukubana mwaka ule ule utakaotaka kwenda shule.

Sasa Tanga. Wengi hudhani kwamba kurudi mkoani ni kurudi nyuma, na katika suala la ushauri sikubaliani nao hata kidogo. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Gati za bandari zimeongezwa kina, na meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kupakua mizigo kwa matishari sasa hufunga gatini. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikwenda kwa umma na hatifungani ya kijani, yaani dhamana ya mkopo kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ikauzwa na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Jambo kama hilo halifanyiki bila washauri wa fedha, wanasheria na watu wa kupiga hesabu za miaka kumi ijayo. Mwenye kampuni ya malori, mwenye ghala, chama cha wafugaji kinachouza maziwa kiwandani, wote hao wanakabiliwa na maswali ambayo miaka michache iliyopita hawakuwa nayo. Mshauri kijana anayekaa karibu nao ataona katika mwaka mmoja maamuzi mengi kamili, kuanzia swali hadi matokeo, na ataketi chumba kimoja na mwenye mali anapoamua.

Hayo yote yatakuwa kweli iwapo tu kampuni yenyewe ni ya kweli, na hilo ni juu yako kulichunguza kabla ya kutia saini. Nenda ukaonane na mkurugenzi ana kwa ana, umwombe akueleze kazi mbili za mwaka uliopita, moja iliyofanikiwa na moja iliyoharibika. Sikiliza kama anaweza kusema mteja alifanya nini baada ya kupokea ripoti. Akiishia kwenye ripoti tu, ujue kwamba kampuni inauza karatasi. Muulize mapato yanatoka wapi. Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, kampuni zilizotegemea mfadhili mmoja ziliiona hatari ya kula kwa mkono wa mtu mmoja. Unataka kampuni ambayo sehemu kubwa ya kazi yake inalipwa na wafanyabiashara na vyama vyenyewe, kwa sababu mteja anayelipa kutoka mfukoni mwake hudai jibu linalofaa. Uliza kama mishahara imewahi kuchelewa. Swali hilo si utovu wa adabu. Mkurugenzi mwenye akili atakuheshimu kwa kuliuliza, na ukimwona amekasirika umepata jibu lako.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau hadi limechelewa, nalo ni barua za mapendekezo. Shule kubwa kwa kawaida hutaka barua mbili, na hupenda moja iwe ya msimamizi wako wa sasa. Barua hiyo haifanani na vyeti vya tabia njema tulivyozoea, vinavyosema kwamba mtajwa ni mwadilifu na mchapakazi. Msimamizi huulizwa maswali: utendaji wa mtu huyu ukoje ukilinganishwa na wenzake, eleza ushauri mkali zaidi uliowahi kumpa na jinsi alivyoupokea. Anayeweza kujibu vizuri ni yule aliyekaa nawe ukihangaika na hesabu za gharama za magari saa moja usiku, akakurudishia kazi yako imejaa wino mwekundu, na kesho yake akaona umeirekebishaje. Katika ofisi kubwa yenye timu zinazobadilika kila mradi, unaweza kuwa umepita mikononi mwa mameneja watano na hakuna hata mmoja anayekujua kiasi hicho. Kwa mkurugenzi wa kampuni ndogo utajulikana, kwa mema na kwa mapungufu. Ila lazima awe tayari. Mwambie mapema, kwa heshima, kwamba nia yako ni kusoma baada ya mkataba, umuulize kama ataweza kukuandikia mwenyewe. Kuna wakurugenzi wanaochukulia nia hiyo kuwa usaliti, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado huna mkataba.

Hesabu ya muda inakwenda hivi. Shule nyingi za Marekani hupokea maombi ya awamu ya kwanza mwezi Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari, masomo yakianza Agosti au Septemba inayofuata. Ukianza kazi Machi na ukaomba Septemba ya mwaka unaofuata, utakuwa umekaa miezi 18 chini ya msimamizi mmoja, utakuwa na miaka minne na nusu ya kazi kwa jumla, na ukiingia darasani utakuwa umefikisha mitano au zaidi, kiwango kilicho cha kawaida kabisa kwa wanafunzi wa shule hizo. Kwa hiyo mkataba wa miaka miwili unaouona kama udhaifu wa barua ya Tanga unakaa vizuri kabisa na kalenda yako.

Njia utakayochagua inagusa pia aina ya shule. INSEAD, yenye kampasi Fontainebleau nchini Ufaransa na Singapore, hufundisha MBA kwa miezi 10. Harvard na Stanford kwa miaka miwili. Aliyekwisha kuwa mshauri wa mikakati na anayetaka kuongeza elimu na kurudi kazini anaweza kuridhika na miezi 10. Wewe unataka kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na daraja lenyewe ni mafunzo ya kazini ya kiangazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, ambapo kampuni za mikakati huwajaribu wanafunzi na kuwapa ajira wanaowafaa. Kwa hali yako ya sasa ningeelekea miaka miwili. Ukipata bahati ya kuingia kampuni ya mikakati moja kwa moja kabla ya shule, hesabu hiyo inageuka, kwa kuwa baadhi ya kampuni hizo huwalipia watumishi wao karo kwa sharti la kurudi na kuwatumikia kwa muda, aghalabu miaka miwili.

Kuhusu GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, ufanye mapema. Alama zake hudumu miaka mitano, hivyo huna haja ya kusubiri mwaka wa maombi. Mtihani wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Sehemu ya hesabu haina kikokotoo, na nimeona wahasibu wazuri wakitetereka hapo kwa kuwa vidole vyao vimezoea kompyuta. Unaweza kuufanya nyumbani kwa intaneti, lakini kwa hali ya umeme wetu nakusihi uufanye kituoni. Mtihani wa ngazi ya mwisho wa NBAA nao usiutelekeze. Umalize kabla ya kugusa GMAT, maana cheti hicho kitakulisha hapa nchini hata kama milango yote ya nje itafungwa.

Na inaweza kufungwa, mwanangu, hata kwa mwombaji mzuri. Karo pekee ya Harvard imepita dola 70,000 kwa mwaka, na gharama za kuishi huongeza maelfu mengi juu yake. Ufadhili upo: Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uwezo wa mwanafunzi, na Stanford imekuwa na ufadhili maalumu kwa raia wa nchi za Afrika wasio na uwezo, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani kwa miaka miwili angalau. Wanaoupata ni wachache. Kwa sababu hiyo nakuomba upime kila barua ya ajira kwa kujiuliza kama ungeichukua hata kama shule zote zingekukataa. Theluthi moja ya mshahara ni pesa nyingi, na kama kuna wadogo zako wanaosomeshwa kwa mshahara huo, hilo nalo ni sababu halali ya kubaki Dar es Salaam, wala usimwonee mtu haya. Ila kama utarudi kuishi nyumbani Chumbageni bila kulipa kodi ya pango wala nauli za kila siku za jiji, piga hesabu upya. Huenda pengo likapungua sana.

Mjomba wako anasema kweli kwa mtu mwenye haja nyingine. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, na ESAMI ya Arusha zimewapandisha vyeo watu wengi walioendelea na kazi zao, na kwa anayetaka umeneja katika taasisi aliyomo, hiyo ndiyo njia ya busara. Haikupeleki unakotaka kwenda. Ukiisoma sasa kisha ukaomba MBA ya pili nje, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini unarudia ulichokwisha kusoma, na sidhani una jibu.

Basi nakushauri uichukue barua ya Tanga, iwapo mkurugenzi atajibu vizuri maswali niliyokutajia na atakuahidi kukuandikia. Na iwapo hatafanya hivyo, uende Dar es Salaam lakini kwenye miamala, si kwenye mifumo. Katika kampuni ile ya Tanga usisubiri kupangiwa. Wiki za mwanzo, muulize mkurugenzi kama kuna shamba la mkonge miongoni mwa wateja ambalo linasumbuliwa na korona kusimama, uombe uandike kwa siku chache saa ambazo majani yanakatwa, saa ambazo magari yanaondoka na saa ambazo korona inazunguka. Karatasi moja ya namna hiyo, ikifuatiwa na ratiba mpya ya magari na hesabu ya singa zilizoongezeka, ina uzito katika maombi kuliko kurasa nyingi za sifa. Itakufaa pia ukishaingia, kwa kuwa Harvard hufundisha kwa mijadala ya mikasa halisi ya biashara, na mchango wa mwanafunzi darasani unahesabiwa katika alama. Jihadhari tu na siri za mteja. Wenye mashamba Tanga ni wachache na wanajuana. Ukiandika kwenye insha jina la shamba, au hata mahali lilipo pamoja na hasara yake, umemvunjia mtu heshima na umejionyesha kwamba hufai kazi ya ushauri.

SWALI

Mshauri, salaam. Nina miaka 33 na ninaishi Pangani. Kwa miaka sita nimekuwa mshauri wa kujitegemea, nikiandaa mipango ya biashara na maandiko ya miradi ya vikundi vya wakulima wa mwani na wavuvi, na mara nyingine nikipata kazi za halmashauri. Nataka kuomba MBA lakini sina msimamizi wa kuniandikia barua. Je, nijiunge kwanza na kampuni kwa mwaka mmoja ili niwe na bosi?

Mshauri wa kujitegemea, Pangani

JIBU

Hapana, ndugu yangu, usitafute ajira kwa ajili ya barua. Shule hizi hupokea waombaji waliojiajiri kila mwaka na zinaelewa kwamba hawana wakubwa. Humtaka mtu mwingine aliyeiona kazi yako kwa karibu na mwenye haki ya kuihukumu. Mteja aliyekulipa zaidi ya mara moja anafaa sana. Ofisa wa halmashauri aliyesimamia mkataba wako anafaa pia. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani anaweza kuwa shahidi bora kuliko wote, mradi aeleze kwa mfano halisi jinsi mpango wako ulivyobadilisha namna wanavyokausha au wanavyomuuzia mnunuzi. Usimchague mbunge wala mtu mashuhuri asiyekujua. Barua ya namna hiyo hujulikana kwa mistari miwili ya kwanza.

Kinachonipa mashaka kidogo ni umri ukilinganishwa na aina ya MBA. Katika programu za muda wote wengi huwa chini ya miaka 30, na kampuni zinazoajiri hapo hutafuta watu wa kuanza ngazi za chini kidogo kuliko unayostahili. Haina maana kwamba hutapokewa. Ila kama nia yako ni kuikuza kazi uliyonayo iwe kampuni yenye watu na mikataba, tazama MBA za watendaji, zinazosomwa kwa vipindi huku mtu akiendelea na shughuli zake. Strathmore ya Nairobi na Chuo Kikuu cha Cape Town zinazo, na hutalazimika kuwaacha wateja uliowajenga kwa miaka sita wachukuliwe na mwingine. Kama nia yako ni kuachana na kazi ya sasa kabisa na kuingia kampuni kubwa, basi omba ya muda wote, na usichelewe zaidi ya awamu zinazokuja.

Jambo la mwisho ni la kiutaratibu, lakini limewaangusha watu. Mpendekezaji hupelekewa kiungo na shule yenyewe kwa baruapepe na hujaza fomu peke yake. Si barua ya kukabidhiwa wewe katika bahasha. Kama mwenyekiti wako hatumii baruapepe au hana raha na Kiingereza, wasiliana na ofisi ya udahili ya shule husika kabla ya kuanza maombi, uwaulize kama wanakubali barua iliyotafsiriwa na ni nani anayeruhusiwa kuitafsiri. Usiitafsiri wewe mwenyewe.